Njia ya Neva ya Tano

Mtu anayeng'olewa gego la chini huchomwa sindano mahali pasipouma. Daktari wa meno huiingiza nyuma kabisa ya kinywa, upande wa ndani wa taya, mbali na jino lililooza. Dakika chache baadaye nusu ya mdomo wa chini imekufa ganzi, kidevu nacho, na meno yote ya chini ya upande ule, mabovu na mazima. Dawa haikulengwa kwenye jino. Ililengwa kwenye neva moja, pale inapokaribia kuzama ndani ya mfupa wa taya, na kila kinachopata hisia kupitia neva hiyo kikanyamaza kwa pamoja.

Neva hiyo ni kijitawi cha neva ya tano ya kichwa, ambayo wataalamu huiita trijemina. Kati ya jozi 12 za neva za kichwa, ndiyo inayohesabiwa kuwa kubwa kuliko zote. Ndiyo inayotujulisha kwamba upepo umepiga shavu, kwamba vumbi limeingia jichoni, kwamba chai bado ni ya moto. Ndiyo pia inayoamrisha misuli ya kutafuna. Njia yake kutoka kwenye ngozi ya uso hadi kwenye ubongo si ndefu, lakini inapita katika mojawapo ya sehemu zilizobanana mno mwilini, yaani sakafu ya fuvu, ule mfupa ambao ubongo umeukalia.

Kwa karne nyingi sakafu hiyo ilionekana kwa maiti tu. Leo mashine za CT na MRI zinaionyesha kwa mtu aliye hai, tundu kwa tundu, katika vipande vyembamba kuliko milimita moja. Hata hivyo picha nzuri peke yake haitoshi. Anayeisoma analazimika kuijua njia ya neva na kuifuata yote, kutoka kwenye ngozi hadi kwenye shina la ubongo, kwa sababu neva hii huuma sehemu moja huku ugonjwa wenyewe umekaa sehemu nyingine. Wagonjwa wengi wamepoteza meno mazima, na wengine wamepoteza miezi ya thamani, kwa sababu hakuna aliyeifuata njia hiyo mpaka mwisho.

Ramani yake ya nje kila mtu anaweza kuipima kwa kidole. Paji la uso, kope la juu na pua mpaka nchani ni eneo la tawi la kwanza. Shavu, kope la chini, mdomo wa juu na meno ya juu ni la tawi la pili. Mdomo wa chini, kidevu, meno ya chini na ukanda unaopanda mbele ya sikio mpaka kwenye panja ni la tawi la tatu. Ngozi ya pembe ya taya, pale chini ya sikio, haimo kabisa, kwani hiyo hupata hisia kutoka neva za shingo. Daktari mzoefu hutumia jambo hilo dogo kama kipimo. Ganzi inayofuata mipaka ya matawi hayo inaelekeza kidole kwenye neva ya tano. Ganzi inayoivuka hovyo inataka maelezo mengine.

Ncha ya pua nayo ina habari yake. Ugonjwa wa mkanda wa jeshi ukishika paji la uso, maana yake virusi vilivyokuwa vimelala kwenye fundo la neva vimeamka na kulifuata tawi la kwanza. Malengelenge yakifika hadi ncha ya pua, hatari ya jicho kuathirika inaongezeka sana, kwa kuwa kijitawi kinachohudumia ncha ya pua ndicho pia kinachohudumia mboni. Mgonjwa wa aina hiyo anapaswa kuonwa na daktari wa macho mapema, na kupimwa virusi vya UKIMWI, kwa sababu mkanda wa jeshi huwapata zaidi watu ambao kinga yao imeshuka.

Sasa tuingie ndani ya mfupa. Tawi la kwanza huingia kwenye fuvu kupitia ufa ulio nyuma ya jicho, likiwa pamoja na neva zinazoligeuza jicho huku na huku. Tawi la pili hutambaa chini ya jicho, ndani ya mfereji uliochimbwa kwenye sakafu ya tundu la jicho, kisha hufika kwenye upenyo mdogo uliojaa mafuta nyuma ya taya la juu, na kutoka hapo hupenya tundu la mviringo lenye upana wa milimita tatu hivi. Tawi la tatu hupanda wima kutoka katikati ya misuli ya kutafuna na kuingia kupitia tundu lenye umbo la yai, ambalo kwa watu wengi lina urefu wa milimita saba na upana wa takriban nne. Pembeni yake kuna kitundu kingine kidogo zaidi kinachopitisha ateri ya utando wa ubongo, ile ambayo ikipasuka baada ya kichwa kupigwa huweza kumuua mtu kwa saa chache.

Mfereji ule wa tawi la pili unastahili kukumbukwa na kila aliyewahi kuanguka na pikipiki. Mtu aliyeumia uso akisema shavu, ubavu wa pua na mdomo wa juu vimekufa ganzi upande mmoja, huenda sakafu ya tundu la jicho imevunjika, hata kama uvimbe umeficha kila kitu na ngozi haikuchanika. CT huonyesha ufa huo vizuri sana, kwa kuwa hiyo ni mashine ya mifupa.

Baada ya kupita matundu yao, matawi yote matatu hukutana kwenye fundo moja la neva lenye umbo la hilali. Fundo hilo linaitwa Gasser, jina la mwalimu wa anatomia wa Vienna, Johann Lorenz Gasser. Aliyelipa jina hilo ni mwanafunzi wake Anton Hirsch mwaka 1765. Fundo limo ndani ya kifuko cha utando mgumu wa ubongo kilichojaa maji, kilichokaa juu ya ncha ya mfupa mgumu wa sikio. Kifuko hicho kina jina la Johann Friedrich Meckel, Mjerumani aliyekieleza mwaka 1748 katika kitabu chake kuhusu neva ya tano alipokuwa kijana wa miaka 24 tu. Vijana hao walifanya kazi kwa kisu, macho na subira, na majina waliyoyaacha bado yanaandikwa kila siku kwenye ripoti za radiolojia.

Kutoka kwenye kifuko, neva huwa kamba moja nene inayovuka maji kurudi nyuma na kuingia kwenye ubavu wa shina la ubongo, sehemu iitwayo ponsi. Humo ndani viini vyake vimetandaa kwa urefu wa kushangaza, kuanzia juu ya ponsi hadi uti wa mgongo wa shingoni.

Kuiona njia hiyo yote kwa mtu aliye hai kulichukua muda. Eksirei za Wilhelm Röntgen, aliyeigundua miale hiyo huko Würzburg mwaka 1895, zilionyesha mifupa tu, tena mifupa yote ikiwa imelaliana. Sakafu ya fuvu ilikuwa kivuli juu ya kivuli. Aliyefungua njia kwa hesabu alikuwa Allan Cormack, mwanafizikia mzaliwa wa Johannesburg, ambaye alianza kulifikiria tatizo hilo alipokuwa akifanya kazi katika hospitali ya Groote Schuur mjini Cape Town katikati ya miaka ya 1950. Mwingereza Godfrey Hounsfield, bila kujua kazi ya Cormack, akaiunda mashine yenyewe, na tarehe 1 Oktoba 1971 mgonjwa wa kwanza alipigwa picha ya CT ya kichwa katika hospitali ya Atkinson Morley, London. Kila picha ilikuwa na vinukta 80 kwa 80, na kila mzunguko ulichukua dakika kadhaa. Wawili hao waligawana Tuzo ya Nobel mwaka 1979. Hesabu za aina aliyoanza kuifikiria Cormack katika hospitali ya Afrika ndizo msingi wa kila picha ya CT inayopigwa leo Muhimbili au Kenyatta, na ni vyema vijana wetu wanaosoma fizikia walijue jambo hilo.

MRI ilikuja baadaye, na kwa neva ndiyo iliyobadilisha kila kitu. Haitumii eksirei. Inatumia sumaku yenye nguvu na mawimbi ya redio kusikiliza maji na mafuta yaliyomo mwilini. Ipo namna moja ya kuipanga mashine ambapo maji yanayouzunguka ubongo hung'aa meupe kabisa na neva hujichora ndani yake kama mstari mweusi. Katika picha hizo, kamba ya neva ya tano huonekana wazi ikitoka ponsi, ikivuka maji na kuingia kwenye kifuko cha Meckel, na humo ndani nyuzi zake huonekana zimetawanyika. Kifuko kizima kinapaswa kung'aa pande zote mbili. Kikiwa cheusi au kijivu upande mmoja, maji yamefukuzwa na kitu, na kitu hicho lazima kitafutwe.

Hapa panahitaji kusemwa jambo ambalo wagonjwa wengi hawaambiwi. MRI ya kawaida ya ubongo hupigwa kwa vipande vyenye unene wa milimita nne au tano, na neva nzima inaweza kupotea kati ya kipande kimoja na kingine. Anayetafuta ugonjwa wa neva ya tano anahitaji vipande vyembamba vilivyoelekezwa pale pale, na mara nyingi dawa ya kung'arisha picha inayodungwa mkononi. Ripoti inayosema ubongo uko sawa inaweza kuwa ya kweli kabisa huku neva yenyewe haikuangaliwa.

Ugonjwa unaoipa neva hii umaarufu wake mbaya ni maumivu ya trijemina. Waliowahi kuugua huuelezea kama shoti ya umeme usoni. Kila shambulio huchukua sekunde chache, mara chache hufika dakika mbili, kisha hukoma ghafla na kurudi tena. Kinachoamsha maumivu ni mambo ya kila siku, kama kupiga mswaki, kutafuna, kunawa uso, kuongea, au upepo wa dirisha la basi. Wapo wanaoacha kula kwa kuogopa. Huwapata zaidi waliovuka miaka 50, wanawake zaidi ya wanaume, na upande wa kulia zaidi ya wa kushoto. Kwa kuwa mara nyingi hushika tawi la pili na la tatu, mgonjwa huhisi kwamba ni jino. Anaenda kung'oa. Maumivu yanabaki, yanasogea kwenye jino jirani, nalo linang'olewa.

Makosa ya namna hii yana historia ndefu. Mwanzoni mwa karne ya 19 wako wapasuaji wa Ulaya waliowakata wagonjwa wa maumivu ya uso neva ya saba, ambayo kazi yake ni kuchezesha misuli ya uso. Mgonjwa alibaki na uso uliopooza na maumivu yaleyale. Ni utafiti wa Mskoti Charles Bell, katika miaka ya 1820, uliosaidia kutenganisha kazi za neva hizo mbili.

Sababu ya maumivu hayo kwa wagonjwa wengi iko mbali na meno. Mahali kamba ya neva inapotoka ponsi, kifuniko chake hubadilika kutoka kile cha ubongo kwenda kile cha neva za nje, na sehemu hiyo haistahimili kusumbuliwa. Ateri iliyo karibu, mara nyingi ile ya juu ya ubongo mdogo, ikilalia hapo na kuigonga neva kwa kila pigo la moyo miaka nenda miaka rudi, kifuniko huchakaa, na ujumbe mdogo wa mguso hurukia nyuzi za maumivu. Mpasuaji wa Marekani Walter Dandy aliiandika habari ya mishipa hiyo mwaka 1934 baada ya kuiona kwa macho yake chumbani mwa upasuaji. Miaka ya 1960 mwenzake Peter Jannetta, akitumia darubini ya upasuaji, alianza kuisogeza ateri na kuitenga na neva kwa kuweka kitu laini katikati. Upasuaji huo bado unafanywa duniani kote.

MRI humwonyesha mpasuaji ateri hiyo kabla hajafungua fuvu. Lakini picha inaweza pia kumpotosha, kwani watu wengi wasio na maumivu yoyote wana mshipa unaogusa neva hiyo. Kugusana hakutoshi kuwa ugonjwa. Wataalamu hutafuta zaidi: je, mshipa umeisukuma neva ikapinda? Je, neva imekonda ikilinganishwa na ya upande wa pili? Je, mguso uko karibu na ponsi, na upande huohuo unaouma? Picha inasomwa pamoja na simulizi ya mgonjwa, na simulizi ndiyo inayotangulia. Kwa vijana, hasa maumivu yakishika pande zote mbili za uso, MRI hutafuta pia madoa ya ugonjwa wa sklerosisi anuwai ndani ya shina la ubongo.

Dawa ya kwanza si upasuaji. Tangu mwaka 1962, ilipoandikwa kwamba kabamazepini, dawa ya kifafa, inatuliza maumivu haya, imebaki kuwa chaguo la mwanzo, na kwa kuwa kifafa kinatibiwa kila mahali, dawa hiyo inapatikana katika hospitali nyingi za Afrika Mashariki. Panado na dawa nyingine za kawaida za maumivu hazisaidii. Kabamazepini lazima itolewe na kusimamiwa na daktari, kwa maana ina madhara yanayohitaji uangalizi wa ngozi na vipimo vya damu.

Kwa wale ambao dawa zimewashinda na afya haiwaruhusu kufunguliwa fuvu, ipo njia ya kupitia shavuni, na hapo anatomia ya picha inakuwa suala la milimita. Mwanzoni mwa karne ya 20 Mjerumani Fritz Härtel alionyesha kwamba sindano inayoingizwa kwenye shavu, sentimita mbili na nusu hadi tatu kando ya pembe ya mdomo, inaweza kupanda hadi kwenye lile tundu la umbo la yai na kufika kwenye fundo la Gasser. Daktari huielekeza akitazama eksirei ya moja kwa moja. Akikosea kidogo, ateri ya karotidi inayolisha ubongo iko jirani.

Njia hiyo ilizaa ugunduzi usiotarajiwa. Huko Stockholm, timu iliyokuwa ikitafuta namna ya kuulenga kwa miale uwazi wenye maji unaolizunguka fundo hilo ilitaka kwanza uwazi huo uonekane vizuri kwenye eksirei. Wakachanganya unga wa metali ya tantalumu na gliserini na kuuingiza humo kwa sindano. Wagonjwa wakapona maumivu kabla hawajapigwa miale yoyote. Kumbe gliserini yenyewe ilikuwa dawa. Sten Håkanson aliichapisha habari hiyo mwaka 1981, na gliserini ikawa tiba.

Miaka miwili baadaye madaktari wa Marekani Sean Mullan na Terry Lichtor walieleza njia ya kupitisha puto dogo kwenye tundu hilohilo na kulijaza dawa inayoonekana kwenye eksirei. Puto likiwa ndani ya kifuko cha Meckel barabara, hujifinya kwenye mlango wake mwembamba na kutokea kwenye skrini likiwa na umbo la tunda la pea. Lisipochukua umbo hilo, daktari anajua halijakaa mahali pake. Kwa dakika moja au zaidi kidogo linaikandamiza neva, kisha linatolewa. Sijui mfano ulio bora zaidi wa jinsi umbo la kifuko kilichochorwa mwaka 1748 linavyomwongoza daktari wa leo.

Maumivu, pamoja na ukali wake, mara nyingi yana chanzo kisichoua. Ganzi ndiyo ya kuogopwa. Uso unaopoteza hisia polepole, wiki baada ya wiki, unaweza kuwa na saratani inayotambaa kwenye neva. Baadhi ya saratani za tezi za mate, za ngozi na za koo zina tabia ya kuing'ang'ania neva na kuifuata kinyumenyume kupitia matundu yaleyale hadi ndani ya fuvu. Huweza kufanya hivyo kimya, hata miaka kadhaa baada ya uvimbe wa mwanzo kuondolewa na kidonda kupona.

Msomaji wa picha hapa hutafuta mafuta. Ule upenyo mdogo nyuma ya taya la juu, na eneo lililo chini ya tundu la umbo la yai, kwa kawaida vimejaa mafuta ambayo huonekana meupe kwenye aina moja ya MRI bila hata dawa. Mafuta yakitoweka upande mmoja, hiyo ni dalili ya mapema, inayoweza kutangulia kupanuka kwa tundu kwenye CT. Kisha hutazama unene wa neva, kifuko cha Meckel, na misuli ya kutafuna, ambayo hunywea na kugeuka mafuta neva yake ikifa. Lakini anapaswa pia kujua maumbile ya kawaida. Tundu la umbo la yai mara nyingi halilingani pande mbili kwa mtu mwenye afya. Na mishipa midogo ya damu inayolizunguka fundo hung'aa ikipata dawa, bila ugonjwa wowote.

Kwa Afrika Mashariki haya si mambo ya vitabuni. Watu wenye ualbino, ngozi yao ikiwa haina kinga dhidi ya jua, hupata saratani ya ngozi ya uso na kichwa wakiwa bado vijana, na wengi hufika hospitali wamechelewa. Mjini Moshi, kituo cha mafunzo ya magonjwa ya ngozi kilichopo hospitali ya KCMC hutengeneza mafuta ya kujikinga na jua kwa ajili yao, na kila chupa ya mafuta hayo ina thamani kuliko picha yoyote ya MRI, kwa sababu inauzuia ugonjwa usianze. Nchini Kenya, katika miaka ya 1960, daktari wa masikio, pua na koo wa Nairobi, Peter Clifford, aliandika kuhusu saratani inayoota nyuma ya pua, juu ya koo. Saratani hiyo iko chini tu ya sakafu ya fuvu, na kwa wengi dalili ya kwanza ni uvimbe wa shingo, sikio moja lililoziba, au damu puani. Ikipanda kupitia matundu, uso hufa ganzi na macho huanza kuona vitu viwili-viwili.

Kuona viwili-viwili ni dokezo zuri kwa anayetafuta anwani ya ugonjwa. Pembeni mwa tezi ya ubongo iitwayo pituitari, matawi ya kwanza na ya pili hupita kwenye ukuta wa uwazi uliojaa damu, jirani na neva zinazoendesha jicho. Tawi la tatu halipiti hapo. Basi ganzi ya paji na shavu, pamoja na jicho lisilogeuka, inaelekeza kwenye uwazi huo. Ganzi ya kidevu pamoja na taya linalopinda kuelekea upande mmoja mdomo ukifunguliwa, inaelekeza kwenye tundu la umbo la yai, na taya huegemea upande ulio mgonjwa. Uso wote wa upande mmoja ukiwa umekufa ganzi, fundo au kamba yenyewe ndiyo ya kuchunguzwa. Huko huweza kuota uvimbe wa kifuniko cha neva ambao, ukipita mlango wa kifuko cha Meckel, hubanwa katikati na kuwa kama namba nane kwenye picha. Usikivu nao ukipungua, ugonjwa uko nyuma zaidi, karibu na ponsi.

Watoto wanaotoka usaha sikioni wana hatari yao. Mwaka 1904 Giuseppe Gradenigo, daktari wa Italia, alielezea wagonjwa wenye mambo matatu kwa pamoja: sikio linalotoa usaha, maumivu makali ya uso au nyuma ya jicho, na jicho linaloshindwa kutazama nje. Ramani inaeleza sababu. Maambukizi yamepenya kutoka sikioni hadi ncha ya mfupa mgumu wa sikio, na juu ya ncha hiyo ndipo kilipo kifuko cha Meckel, huku neva ya sita, inayovuta jicho kuelekea nje, ikipita ubavuni. Mtoto wa namna hiyo anahitaji antibiotiki za sindano na picha haraka, wala si matone ya sikio tena.

Mashine za CT na MRI zimeongezeka katika hospitali za rufaa na miji mikubwa ya ukanda wetu, ingawa bei yake bado ni mzigo kwa familia nyingi na safari ya kuzifikia huwa ndefu. Kwa hiyo picha moja inayopigwa ipigwe kwa usahihi. Anayepelekwa kupigwa picha amwombe daktari aandike kwenye fomu ni sehemu gani ya uso inayouma au iliyokufa ganzi, upande gani, tangu lini, na kama aliwahi kutolewa uvimbe au kidonda usoni, hata kama ni miaka kumi iliyopita. Maneno "maumivu ya kichwa" hayamsaidii mpiga picha kujua pa kuelekeza mashine. Picha za zamani zibebwe, zisiachwe nyumbani, kwa sababu badiliko dogo huonekana kwa kulinganisha.

Na anayeumwa jino ambalo daktari wa meno amelikagua na kulikuta zima, asikubali ling'olewe kabla neva haijachunguzwa. Ganzi ya uso iliyotokea ghafla pamoja na udhaifu wa mkono, mguu au ulimi ni ya kupelekwa hospitali saa ileile, kwa kuwa inaweza kuwa kiharusi. Ganzi inayokuja polepole na kuzidi, hata kama haina maumivu hata kidogo, isivumiliwe nyumbani. Mwenye nayo aende hospitali wiki hiyohiyo.